Siku 19 Baada ya Kidonge cha Mwisho

Nilipoulizwa kwa mara ya kwanza kama nilikuwa natumia dawa yoyote, nilijibu kwamba situmii, isipokuwa kidonge kimoja cha shinikizo la damu ambacho nilikuwa nimekimeza kila asubuhi kwa miaka 9. Jibu hilo lilikuwa la kweli kabisa, na ukweli wake ndio uliotupotezea siku 11, maana aliyeniuliza aliandika kidonge hicho kimoja, akaona hakina sifa ya kudhuru ini, akaelekeza macho kwingine. Hakuniuliza nilichomeza mwezi uliopita, nami sikufikiri kwamba dawa iliyokwisha na pakiti yake kutupwa ingeweza kuwa bado na kesi na mimi.

Nilikuwa na umri wa miaka 62, nimestaafu kazi ya uhasibu, na sikuwa mnywaji wa pombe. Ugonjwa wenyewe ulianza na mwasho. Haukuwa mwasho wa kuumwa na mdudu wala wa upele, kwa sababu ngozi ilikuwa safi. Ulikuwa umekaa ndani ya viganja na nyayo, mahali ambapo kucha hazifiki, na ulingoja usiku. Mchana niliweza kuusahau kwa saa mbili au tatu, lakini nilipojilaza tu ulikuja, nikawa nainuka kusimama juu ya sakafu ya bafuni ili ubaridi wake unipe nafuu ya dakika chache. Nilibadili sabuni, nikabadili mashuka, nikapaka mafuta ya kila aina. Baada ya siku nne mkojo ukawa na rangi ya chai iliyochemka mno, na choo kikapauka mpaka kikafanana na udongo wa mfinyanzi. Nakiri kwamba niliyaona mambo hayo mawili nikanyamaza, kwa kuwa mtu wa umri wangu huona haya kuzungumzia choo chake, hata na mkewe.

Mke wangu hakuhitaji kuambiwa. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa karibu na dirisha nikisoma, akasimama mbele yangu kwa muda, kisha akasema, “Baba watoto, macho yako yana rangi ya manjano. Vaa viatu twende.”

Hapa niseme neno kuhusu jina la hali hii, kwa sababu lilituletea mkanganyiko nyumbani. Jamaa kadhaa waliposikia habari walisema nimepata homa ya manjano, wakauliza kama nilisafiri na kama nilichanjwa. Homa ya manjano ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, na una chanjo yake. Umanjano wa macho na ngozi si ugonjwa bali ni dalili: inamaanisha kwamba bilirubini, rangi inayotokana na kuvunjwa kwa chembe nyekundu za damu zilizozeeka, imejaa katika damu badala ya kutolewa na ini kupitia nyongo. Kiwango chake cha kawaida hakizidi takriban maikromoli 21 kwa lita, na jicho la mtu huanza kuona umanjano kinapofika kama 40. Changu, siku ile, kilikuwa 214.

Siku 11 zilizofuata zilikwenda katika kutafuta wahalifu wa kawaida. Walipima virusi vya homa ya ini A, B, C na E, vyote havikuonekana. Walitafuta mawe katika mfuko wa nyongo, hayakuwapo. Kulikuwa na neno jingine ambalo hakuna aliyelitamka mbele yangu, ingawa nililisoma katika nyuso zao, kwa kuwa mwanamume wa miaka 62 anayegeuka manjano bila maumivu ya tumbo hufikiriwa kwanza kuwa na uvimbe katika kichwa cha kongosho unaobana mrija wa nyongo kwa nje. Nililala usiku kadhaa na neno hilo. Kipimo cha ultrasaundi kilionyesha kwamba mirija mikubwa ya nyongo haikuwa imetanuka hata kidogo, na kipimo cha picha za sumaku (MRI) kikathibitisha. Laiti kungekuwa na kizuizi chini, mirija iliyo juu yake ingevimba kama mto uliozibwa mdomoni. Mto wangu ulikuwa mwembamba kama kawaida, maana yake maji yalikuwa hayatoki hata kwenye chemchemi.

Ndipo nikapelekwa kwa bingwa wa magonjwa ya ini, mama mmoja mwenye sauti ya chini, ambaye alisoma karatasi zangu zote kabla ya kuniangalia. Swali lake la kwanza nalikumbuka neno kwa neno. “Mzee, sikuulizi unatumia nini leo. Nataka unieleze kila kitu ulichokimeza kama dawa tangu miezi mitatu iliyopita, hata kama ulikimeza mara moja tu, na hata kama alikupa jirani.”

Nikaanza kusema hakuna, mke wangu akanigusa goti. Alikuwa amekuja na daftari letu la matumizi ya nyumbani, lile ambalo mimi mwenyewe ndimi niliyeanzisha desturi ya kuliandika, nikawa nalidharau tangu nistaafu. Akalifungua na kuweka kidole kwenye mstari mmoja: jino. Wiki sita hivi nyuma nilikuwa nimevimba shavu kwa jipu la jino, nikaenda kwa tabibu wa meno, naye akanipa antibaiotiki ya siku 7 yenye amoksisilini pamoja na asidi ya klavulaniki. Nilizimeza zote kama nilivyoelekezwa, shavu likanywea, nikasahau. Katika akili yangu jambo lile lilikuwa la jino, na jino haliko jirani na ini.

Daktari akaomba tarehe. Tukahesabu mara mbili, kwa kalenda. Kutoka kidonge cha mwisho hadi usiku wa kwanza wa mwasho zilikuwa zimepita siku 19. Aliandika namba hiyo, akaizungushia duara, na kwa mara ya kwanza tangu niingie pale aliegemea kiti chake.

Alinieleza kwamba mchanganyiko huo wa dawa ni miongoni mwa zinazotajwa mara nyingi kabisa duniani katika madhara ya ini yanayotokana na dawa za hospitali, na kwamba una tabia ya ajabu ya kusubiri. Mtu humaliza dozi, hupona alichokuwa akiumwa, na ini huanza kulalamika wiki moja, tatu au hata sita baadaye. Wanaume na watu waliovuka umri wa makamo ndio hupatwa zaidi. Kosa mara nyingi huwa la asidi ya klavulaniki, ambayo huongezwa ili kuzuia vimeng’enya ambavyo bakteria wengine hutumia kuiharibu amoksisilini. Amoksisilini ikiwa peke yake hudhuru ini kwa nadra sana. Nilipouliza kama tabibu wa meno alinikosea, alitikisa kichwa. Dawa ilikuwa sahihi, kipimo kilikuwa sahihi, na jipu lisilotibiwa lina hatari zake. Katika uchunguzi uliofanywa nchini Iceland na kuchapishwa mwaka 2013, madhara haya yalionekana kwa mtumiaji 1 kati ya 2,350 hivi. Mimi nilikuwa huyo mmoja.

Nimetumia maisha yangu kufuatilia fedha zinazoingia na kutoka, kwa hiyo nilimwomba anieleze ini kwa njia hiyo, naye alikuwa na subira. Ini hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja ya nyongo kila siku. Seli za ini zimepangwa bega kwa bega, na pale seli mbili zinapokutana kuna kijifereji chembamba kisichoonekana kwa macho. Katika ukuta wa kijifereji hicho mna pampu, kila moja na mzigo wake: moja husukuma chumvi za nyongo, nyingine hutoa bilirubini iliyokwisha kutayarishwa, nyingine hupitisha mafuta maalumu yanayoizunguka chumvi ya nyongo ili isichubue kuta za njia. Maji hufuata mizigo hiyo, na nyongo huanza safari kutoka vijifereji kwenda kwenye mirija midogo, kisha mikubwa, kisha utumbo.

Chumvi za nyongo hufanya kazi kama sabuni. Ndizo zinazoyavunja mafuta ya chakula tumboni. Sabuni ni njema ikiwa inapita. Ikizuiliwa ndani ya seli iliyoitengeneza, huanza kuyeyusha mafuta yaliyo katika kuta za seli hiyo yenyewe, ikaijeruhi na hata kuiua. Wenye lugha husema mambo yametumbukia nyongo pale yanapoharibika, nami nadhani msemo huo umetoka kwa wachinjaji, ambao wanajua kwamba mfuko wa nyongo ukipasuka huharibu nyama yote iliyo karibu. Kwangu mimi nyongo haikupasuka popote. Iligoma kutoka, na uharibifu ukawa uleule.

Dawa huweza kuisimamisha nyongo kwa njia zaidi ya moja, na jambo hili ndilo lililonivutia kuliko yote. Ziko zinazoizuia pampu ya chumvi za nyongo moja kwa moja, kama saiklosporini, inayotumiwa na waliopandikizwa viungo, na bosentani, inayotumika kwa shinikizo la damu la mapafu, ambayo watumiaji wake hufuatiliwa kwa vipimo vya ini. Homoni za estrojeni na dawa za kujenga misuli zenye asili ya homoni za kiume huweza kupunguza mwendo wa nyongo bila kuleta uvimbe wowote wa tishu za ini, hivi kwamba ukilitazama ini kwa hadubini unaona nyongo imelala kimya katika vijifereji na seli zikiwa karibu nzima. Kundi la tatu huleta uvimbe pamoja na kizuizi. Humo ndimo ilimo klorpromazini, dawa ya magonjwa ya akili ambayo umanjano wake umejulikana tangu miaka ya 1950. Humo pia ndimo ilimo flukloksasilini, antibaiotiki nyingine, na humo ndimo ilimo yangu. Katika kundi hili inadhaniwa kwamba kinga ya mwili huiona dawa, au mabaki yake yaliyonata kwenye protini za ini, kama adui, ikazishambulia seli za ini na za mirija midogo. Ndiyo maana mtu mmoja hupatwa na maelfu wengine hawapatwi, na ndiyo maana kuna kuchelewa, kwa sababu kinga huchukua muda kukusanya jeshi. Vinasaba fulani vya kinga huongeza uwezekano, lakini watu wengi walio navyo humeza dawa hizo bila kudhurika, kwa hiyo hakuna anayepimwa vinasaba kwa ajili ya jipu la jino.

Nitaongeza seftriaksoni, antibaiotiki ya sindano, ingawa si hadithi yangu, kwa sababu mjukuu wangu aliwahi kuchomwa sindano zake. Hiyo huweza kuungana na kalisi ndani ya mfuko wa nyongo ikawa tope zito linalofanana na mawe katika picha, hasa kwa watoto, na tope hilo kwa kawaida huyeyuka lenyewe dawa inapokoma.

Daktari alithibitisha kundi langu kwa hesabu ndogo, na mhasibu aliye ndani yangu hajaisahau. Huchukuliwa kimeng’enya cha ALT, kinachovuja seli za ini zinapojeruhiwa, kikagawanywa kwa kiwango chake cha juu cha kawaida. Kisha huchukuliwa alkalini fosfatasi, inayopanda njia za nyongo zinapoumia, nayo ikagawanywa kwa kiwango chake. Halafu jibu la kwanza hugawanywa kwa la pili. Ikitoka 5 au zaidi, jeraha ni la seli za ini. Ikitoka 2 au chini, jeraha ni la nyongo. Katikati ni mchanganyiko. ALT yangu ilikuwa 148 kwa mpaka wa 40, na alkalini fosfatasi 412 kwa mpaka wa 130. Nilikokotoa nyuma ya bahasha ya picha zangu: 3.7 kwa 3.17, yaani 1.2 hivi. Kwa kuwa alkalini fosfatasi hutoka pia kwenye mifupa, waliangalia kimeng’enya kingine, GGT, ambacho hakitoki kwenye mifupa, nacho kilikuwa juu, kwa hiyo mifupa yangu haikuwa na hatia.

Hesabu hiyo haikuwa mchezo. Jeraha la seli lenye umanjano huweza kumpeleka mtu haraka kwenye ini kushindwa kabisa, wakati jeraha la nyongo kwa kawaida si la haraka kiasi hicho, ila huchukua muda mrefu zaidi kupona. Mara chache mirija midogo huendelea kupotea mmoja baada ya mwingine mpaka ini likabaki bila njia za kutosha, na hapo hali hugeuka ya kudumu. Ndiyo sababu nilipimwa kila wiki, kisha kila wiki mbili.

Nilitarajia kupewa dawa ya kuondoa tatizo. Haikuwapo. Tiba kuu ni kuacha dawa iliyodhuru, nami nilikuwa nimeiacha tangu zamani bila kujua, kwa hiyo kilichobaki kilikuwa kusubiri na kupunguza mateso. Vidonge vya mzio nilivyokuwa nimenunua vilinilaza kidogo bila kuondoa mwasho, kwa sababu mwasho wa nyongo hautoki katika njia ile ya mzio. Nilipewa kolestiramini, unga unaochanganywa na maji na ambao ladha yake sitaisifia, unaoshika chumvi za nyongo tumboni ili zitoke na choo zisirudi katika damu. Unga huo hushika pia dawa nyingine, ikabidi kidonge changu cha shinikizo nikimeze saa moja kabla yake au saa nne hadi sita baada yake. Mke wangu alibandika ratiba kwenye mlango wa kabati. Daktari alisema kwamba unga ukishindwa atanipa rifampisini, dawa ya kifua kikuu, ambayo hutuliza mwasho wa namna hii ingawa yenyewe huweza kuizuia pampu ya nyongo na kudhuru ini; nilishukuru hatukufika huko.

Kisha fizi zikaanza kutoka damu nilipopiga mswaki, na muda wa damu yangu kuganda ukaonekana umerefuka. Niliogopa, nikidhani ini limeanza kuzima. Maelezo yalikuwa mengine: bila nyongo utumbo haufyonzi mafuta, na vitamini A, D, E na K husafiri na mafuta. Ini langu lilikuwa bado na uwezo wa kutengeneza viini vya kugandisha damu, lakini lilikosa vitamini K ya kufanyia kazi. Nilichomwa sindano ya vitamini hiyo na baada ya siku chache kipimo kikarudi mahali pake. Daktari aliniambia kwa furaha isiyofichika kwamba sindano ile ilikuwa pia mtihani, kwa kuwa ini lililochoka kweli lisingeitikia hivyo.

Wageni nao walikuja na chupa zao. Kila mmoja alikuwa na mizizi au majani ya kusafisha ini, na kila mmoja aliapa kwa jina la mtu aliyepona. Sikuwabishia, niliwashukuru na chupa zikabaki bila kufunguliwa, kwa sababu ini linalojaribu kupona halihitaji kitu kipya cha kuchambua, na kama vipimo vingepanda tena tusingejua tumlaumu nani.

Katika wiki ya 9 mkojo ukarudi kuwa mweupe na choo kikapata rangi, nikafurahi, lakini macho yalibaki ya manjano. Nilidhani vipimo vinadanganya. Kumbe bilirubini ikikaa muda mrefu katika damu, sehemu yake hushikamana na albumini, protini ambayo uhai wake ni wa wiki kadhaa. Iliyoshikamana hivyo haiwezi kupita kwenye figo, kwa hiyo hubaki mpaka albumini yenyewe ichakae. Ini lilikuwa limekwisha kufungua milango, na mimi nilikuwa bado nimevaa rangi ya mwezi uliopita. Mwasho uliisha katika wiki ya 12. Bilirubini ilirudi chini ya 21 mwezi wa nne, alkalini fosfatasi ikachelewa hadi wa tano, na kilo 7 nilizopoteza zilirudi bila haraka.

Siku ya kuagana daktari alinipa kadi yenye jina la dawa, tarehe na neno “usirudie”, akanieleza kwamba mara ya pili huweza kuja haraka zaidi na kwa ukali zaidi, kwa kuwa kinga imekwisha kuijua. Alinionya kwamba dawa hiyo huuzwa kwa majina mengi ya kibiashara, kwa hiyo nisome maandishi madogo ya viambato, nisitegemee rangi ya pakiti.

Miaka miwili baadaye jino lilelile lilinisumbua tena, safari hii likahitaji kung’olewa. Fomu niliyopewa ilikuwa na mstari mmoja, “Dawa unazotumia sasa”. Niliandika kidonge cha shinikizo, kisha nikageuza karatasi na kuandika mengine yote nyuma, kadi nikaibana juu. Tabibu, kijana ambaye hatukuwahi kuonana, alisoma upande wa mbele, akageuza, akasoma upande wa nyuma polepole.

“Mzee, ilikuwa siku ya ngapi baada ya kidonge cha mwisho?”

“Ya 19,” nikajibu. Akaiandika kwenye faili, akakata kwa kalamu jina la dawa aliyokuwa amekwisha kuanza kuniandikia, akaandika nyingine.